Hudihudi Alipokosekana

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Shukrani zote anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam). Ama baad.



Kila mwaka, mwezi wa Februari, kwa siku nne, watu wa nchi nyingi huhesabu ndege wa bustani na viunga vyao. Zoezi hili lilianza Marekani Kaskazini mwaka 1998, na tangu 2013 liko wazi kwa dunia nzima, nasi wa Kampala na Mbale tukiwemo. Masharti yake ni mepesi: tazama kwa dakika 15 au zaidi, andika kila aina ya ndege uliyoitambua na idadi yake, kisha tuma orodha kwa simu.

Huenda mmoja wetu akauliza: Muislamu na kuhesabu ndege, wapi na wapi?

Turudi kwenye Suratun-Naml. Allah anatusimulia kuwa Nabii Sulayman (alayhis-salaam) aliwakagua ndege, akauliza mbona hamwoni hudihudi. Tuzingatie, ndugu zangu. Mfalme aliyekusanyiwa majeshi ya majini, watu na ndege alitambua kwamba ndege mmoja hayupo! Sisi tunapita chini ya miti ile ile miaka yote ya masomo. Leo akitoweka ndege mmoja, nani kati yetu atauliza yuko wapi?

Mfano tunao karibu. Wale tumbusi wadogo wa kahawia wanaoshuka kwenye majalala na machinjio ya Kampala, kwa kuwa tunawaona mara kwa mara tunadhani ni wengi. Kumbe aina yao imo katika orodha ya ndege walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na miongoni mwa sababu ni sumu inayotiwa kwenye mizoga. Bila ya hesabu, mtu hajui kinachopungua mbele ya macho yake.

Jambo la pili: kuhesabu ni kutoa ushahidi. Hudihudi aliporudi alileta kutoka Sabaa habari ya yakini, hakuleta uvumi. Na katika Suratul-Israa, aya ya 36, tunakatazwa kufuata tusiyo na ujuzi nayo, kwani masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Basi ukiona yangeyange 6, andika 6, usiandike 20 ili orodha ya chuo chako ipendeze. Mwewe akiruka akarudi tena, ni yule yule mmoja. Ndege usiyemjua, usimbahatishie jina. Wala usidharau orodha fupi, kwani kukosekana nako ni habari. Anayepika idadi ya shomoro leo, kesho atapika takwimu za utafiti wake, na keshokutwa hesabu za mali ya umma. Amana huanza na vidogo.

Hata hivyo, tusivuke mpaka. Hili si ibada iliyowekwa na sharia, wala hatuna dalili ya fadhila maalumu ya kuhesabu ndege. Ni jambo la dunia lenye manufaa, na thawabu yake inafuata nia. Kwa hiyo swala isicheleweshwe wala darasa lisikimbiwe kwa ajili yake.

Wakati mzuri ni asubuhi, baada ya Swalatul-Fajr, badala ya kurudi kitandani. Hapo utawaona ndege kama alivyotueleza Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) katika Hadithi iliyopokewa na At-Tirmidhiy: hutoka asubuhi na njaa, wakarudi jioni wameshiba. Wanamtegemea Mola wao, lakini hawaingoji riziki kiotani.

Tunamuomba Allah atujaalie macho yenye kuzingatia na ndimi zenye kusema kweli. Aamin.