Koki Iliyong'ata

Arusha ikiingia Juni, maji ya tangi hushuka bafuni yakiwa na baridi yote ya Mlima Meru. Ndiyo maana nyumba nyingi zina hita ndogo ya umeme iliyofungwa palepale kwenye bomba la mvua. Ya kaka yangu ilifanya kazi vizuri miaka miwili, kisha ikaanza vituko: maji yanachuruzika membamba, mara yanaunguza mgongo, mara yanageuka baridi ungali na povu kichwani.

Kaka aliamua, bila kupima chochote, kwamba tangi liko chini mno. Haikuwa dhana ya kipuuzi. Kila mita moja ya kimo kutoka maji ya tangini hadi kwenye bomba huzaa msukumo wa baa 0.1 tu, na tangi lake lilikuwa kama mita mbili juu ya bafu. Lakini tangi hilohilo, kwa kimo hichohicho, lilikuwa limemwogesha miaka miwili. Hakuna aliyeuliza nini kimebadilika. Akanunua pampu.

Kilichobadilika kilikuwa ndani ya hita yenyewe. Maji ya kisima chake ni magumu, na yakipata moto huacha ule ukoga mweupe tunaoukuta ndani ya birika. Ukoga ulikuwa umeziba vitundu vingi vya kutokea maji. Sasa, hita hizi zina kiwambo cha mpira: maji yakisukuma vya kutosha, kiwambo hubana viunganishi na umeme unawaka, msukumo ukilegea, unazima. Huo ndio ubaridi wa ghafla. Kuunguza nako kuna hesabu yake. Hita ya wati 5,500 ikipitisha lita 6 kwa dakika hupandisha joto la maji kwa nyuzi kama 13. Ikipitisha lita 3, nyuzi 26. Umeme ni uleule, maji ndiyo yamepungua.

Jaribio la dakika tano lingetosha. Zima swichi kuu, fungua sahani yenye vitundu, kisha fungulia maji. Yakishuka kwa wingi, tangi halina kosa; sahani ilowekwe kwenye siki usiku kucha, isuguliwe kwa mswaki mkuukuu, irudishwe.

Pampu ilikuja kusukuma maji mahali palipoziba. Mpira wa kuzuia maji ukaachia, maji yakapenya penye nyaya, na breka ile inayokata umeme unapovuja ikawa inashuka kila mtu anapooga. Hapa ninamlaumu kaka, na ninamlaumu zaidi fundi aliyemwita. Breka ilikuwa inawaambia jambo. Fundi akaunganisha waya moja kwa moja bila kupitia breka; waya wa ethi, ambao alidai ndio unaosumbua, akaukata na kuuzungushia tepu. Breka ikanyamaza, nyumba nzima ikafurahi. Siku chache baadaye shemeji akasema koki inamng'ata vidole. Kaka akamwambia awe anaoga na kandambili.

Mama yetu alikuja kuwatembelea Julai. Asubuhi moja aliingia kuoga, akaishika koki kwa mkono uliolowa, na mkono ukanasa. Shemeji alisikia sauti ambayo mpaka leo hapendi kuieleza. Hakukimbilia kumshika mama. Alikimbilia swichi kuu, akaizima. Angemshika kwanza, tungewazika wote wawili. Mama ana kovu la kuungua kiganjani hadi sasa, na kwa kaka anaoga maji ya ndoo.

Ndugu msomaji, kama koki ya bafuni kwako inakung'ata, hata kwa mbali, zima swichi kuu sasa hivi na mtu yeyote asioge humo. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na asiondoke kabla hujauona kwa macho yako waya wa ethi, ule wenye mistari ya kijani na njano, umefungwa mahali pake.