Deni la Marehemu Hulipwa na Walio Hai



Kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu wanafunzi, katika maziko tumezoea kusikia tangazo: mwenye kumdai marehemu awaone wafiwa. Kulitamka ni nusu dakika. Kulitimiza huchukua miezi au miaka, na mara nyingi mzigo huwaangukia vijana kama sisi.

Mwenyezi Mungu anapogawa mirathi katika Sura An-Nisaa, aya ya 11 na 12, anakariri kwamba mgao huja baada ya wasia na deni. Bukhari amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu aliyekuwa akidaiwa dinari 3 na hakuacha kitu. Akawaambia maswahaba wamswalie, yeye akajizuia, mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolibeba deni lile.

Humo humo kimo kisa cha Zubayr bin Al-Awwam (r.a.). Alifariki akidaiwa 2,200,000, kwa kuwa watu walimwekea amana naye akazichukua kama mkopo ili zisipotee. Mwanawe Abdullah akauza ardhi, akalipa. Ndugu walipodai mirathi yao, akakataa kugawa mpaka atangaze katika msimu wa hija kwa miaka 4, asije akabaki mdai hata mmoja.

Nyumbani kwetu Mutaho jambo hili tunaliishi. Baba alirejea kwa Mola wake mwaka jana, akiacha deni la faranga 900,000 alizokopa kwa majirani kwa ajili ya matibabu. Shamba ni dogo, na maharage na mihogo yake ndiyo chakula chetu. Wadai, Allah awalipe kheri, walikubali kusubiri kama Al-Baqara 280 inavyoelekeza, basi shamba hatujaliuza wala kuligawa. Tuliandika kila mdai na kiasi chake, tukaanza kupunguza.

Cha kwanza kuondoka kilikuwa karamu ya arobaini. Fedha tuliyokuwa tuitumie kwa mchele na mbuzi ilikwenda kwa mdai wa kwanza. Baadhi ya jamaa walinung'unika kwamba tumemdhalilisha marehemu. Mama akawajibu: "Wali mtaula nyinyi, deni atabaki nalo mume wangu." Baada ya hapo sukari ikawa ya wageni na wagonjwa, na nguo mpya za Idi zikangoja.

Lakini kupunguza peke yake hakutoshi kwa nyumba ambayo tayari ina kidogo. Mama anakaanga maandazi na kuyauza sokoni. Mdogo wangu anabeba abiria kwa velo siku zisizo za shule. Mimi jioni nafundisha watoto Kifaransa na kusoma Kurani. Katika miezi 10 tumelipa 580,000. Zimebaki 320,000.

Njiani kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kukopa kwa riba ili kulipa deni: hapo unabadilisha jirani anayesubiri kwa mkopeshaji asiyesubiri, na dhambi juu yake. Wa pili ni kuuza maharage yakiwa bado mabichi shambani kwa bei ya kutupa. Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza mazao kabla ya kuonekana kukomaa, na anayefanya hivyo huyanunua tena kwa bei ghali njaa ikija.

Ndugu yangu, kabla ya kurudi chuoni likizo ijayo, waulize wazazi wako kwa adabu: nani anawadai, na wao wanamdai nani? Andikeni, kama Al-Baqara 282 inavyofundisha. Kisha tazama matumizi yako mwenyewe, bando, viatu, soda za mgahawani, ujiulize kama kuna mdai nyumbani anayeingoja fedha hiyo. Anayelipa deni la mzazi wake anamfanyia wema ambao karamu haiwezi kuufikia.

Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Allah na deni ndani ya swala yake, kwani mwenye deni husema akasema uongo, na huahidi akavunja. Ewe Mola, tutosheleze kwa halali yako, wasamehe marehemu wetu, na tupe nguvu ya kuwalipia madeni yao. Amin.