Deni la Wakati

Wajibu wa mzazi kwa mtoto wake aghalabu huhesabiwa katika mambo manne: chakula, mavazi, malazi na elimu. Aliyeyatimiza haya manne hujiona amelipa deni lote, na majirani humsifu. Walakini liko deni la tano, lisilonunuliwa dukani wala kutumwa kwa simu, nalo ni wakati. Je, mtoto ana haki ya kulidai? Na mzazi ajiungaye na chama cha wazazi na watoto, chenye siku zake za michezo, za kazi za mikono na za kulala kambini, hulilipa deni hilo kweli, au hulipaka rangi tu lisionekane?

Swali hili laweza kudhaniwa kuwa la watu wenye nafasi. Sivyo. Huuma zaidi mahali kama Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, katika barabara kuu itokayo Kahama kuelekea mipaka ya Rwanda na Burundi. Mji huu ulihesabiwa katika Mkoa wa Shinyanga mpaka mwaka 2012, ulipoingia katika mkoa mpya wa Geita. Nchi yake ina misitu ya miombo yenye nyuki, na imezungukwa na ardhi yenye dhahabu. Asali na dhahabu zina tabia moja: zote mbili humtoa baba nyumbani. Mrina asali hupiga kambi msituni siku nyingi. Mchimbaji mdogo husikia kuwa dhahabu imeonekana mahali fulani, akafunga mzigo. Kabla ya mwezi kuisha husikika yuko kwingine. Mama yuko shambani au sokoni. Mtoto hubaki kulelewa na bibi yake, na dada yake, na barabara.

Zamani deni la wakati lililipwa pasipo kutajwa. Usukumani palikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo wazee na vijana waliketi pamoja baada ya kazi za mchana. Hapo hadithi zilisimuliwa, mafumbo yalifumbuliwa, na matendo ya siku yalipimwa na watu wazima masikioni mwa watoto. Pwani nako, wavuvi waliokwenda dago walifuatana na vijana wao, wakajifunza upepo na subira kwa pamoja. Hakuna aliyeandikishwa wala aliyelipa ada. Mtoto alikuwa karibu na mkubwa kwa sababu maisha yenyewe yaliwaweka karibu. Maisha yalipobadilika ukaribu ule ulivunjika, na kitu kilichokuwa desturi kikawa hakina budi kutafutwa kwa makusudi.

Upotevu huu haukuanzia Afrika. Mwaka 1926, katika mji wa St. Louis huko Marekani, Harold Keltner, mtumishi wa YMCA, alianzisha vikundi vya baba na wana vya kukutana, kucheza na kupiga kambi. Fikira aliipata kwa rafiki yake Joe Friday, mtu wa kabila la Ojibwe, ambaye alimwonyesha kuwa kwa watu wake baba ndiye mwalimu wa mwanawe, ilhali baba wa mjini aliwaachia wengine kazi hiyo. Vikundi vile vilienea sana. Lakini vilibeba kasoro: wenyewe waliigiza mavazi na majina ya watu ambao hawakuwa wao, na jina lao la awali likaja kuachwa mwaka 2003 kwa ajili ya malalamiko. Hapa pana funzo la kwanza. Aliyezimikiwa na moto huomba kaa kwa jirani, na kuomba kaa si aibu. Aibu ni kuvaa nguo za jirani na kujiita mwenye jiko. Chama cha wazazi na watoto kitakachoanzishwa Usumbwa hakihitaji kuazima hadithi za mbali wakati wazee wa hapo wangali na zao.

Wako wapingao, nao wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba pendo lenye ratiba si pendo: mzazi angojaye Jumamosi ya kambi ili aongee na mwanawe hana tofauti na mwajiriwa anayetia saini kitabu cha mahudhurio. Hoja hii inapendeza kusikia, lakini haisimami. Watu wameweka siku za ibada, wala hakuna asemaye kuwa imani yao ni ya uongo kwa sababu Ijumaa au Jumapili inajulikana mapema. Siku iliyowekwa huilinda nia dhidi ya usahaulifu. Zaidi ya hayo, ahadi aliyoiweka mtu moyoni peke yake huvunjwa bila shahidi. Ahadi iliyowekwa mbele ya majirani huulizwa. Baba asipofika kambini, wako watakaouliza yuko wapi. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na ukinga mmoja hufuka tu.

Hoja ya pili ni nzito. Mkono mtupu haulambwi; siku ya kambi ni siku isiyo na ujira, na mtoto mwenye njaa hashibi kwa kukaa na baba yake. Asemaye hivi hasemi uongo. Kwa maskini, wakati na chakula hutoka katika mfuko mmoja. Ndiyo sababu wazazi wengine wameona njia ya kulipa yote mawili kwa mara moja: kumchukua mtoto kwenda naye machimboni.

Hapo ndipo swali linapofika kwenye kiini chake. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto wafanyao kazi katika machimbo madogo ya dhahabu ya Tanzania, Geita na Kahama zikiwamo: watoto waingiao mashimoni, wapondao mawe, na washikao zebaki kwa mikono mitupu. Wengine walifanya kazi kando ya wazazi wao. Basi itazamwe picha hii kwa utulivu. Baba na mwana wamelala chini ya turubai moja, wamepika juu ya mafiga matatu, wameziona nyota zile zile. Ikiwa kupiga kambi pamoja ndiko kulipa deni la wakati, baba huyu amelipa kuliko wote. Walakini dhamiri hukataa, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo hukataa, kwa kuwa inaikataza kazi ya hatari kwa mtoto na kuitaja migodi waziwazi. Zebaki huharibu mishipa ya fahamu, na mwili unaokua ndio hudhurika zaidi.

Kwa hiyo kuwa pamoja si kipimo kamili. Kipimo ni hiki: saa ile ni ya nani? Shimoni, mtoto yupo kwa sababu mkono wake unahitajiwa. Angepatikana mkono mwingine wa bei ile, angerudishwa nyumbani. Kambini, mtoto yupo kwa sababu ni yeye, wala hapana mwingine awezaye kujaza nafasi yake. Tofauti hii haitokani na kazi na mchezo. Kijana afuatanaye na baba yake kutazama mizinga, akafunzwa kuleta moshi, kukaa kimya na kuwaachia nyuki sehemu ya asali yao, amefanya kazi, na kazi ile imemjenga. Kazi iliyokatwa kwa kipimo cha mtoto ni malezi. Mtoto aliyekatwa kwa kipimo cha kazi ni mtumwa, hata kama bwana wake ni baba yake.

Hata saa iliyo ya mtoto haitoshi pasipo mfano mwema. Msiri, Msumbwa aliyekuwa mwana wa mfanyabiashara Kalasa, aliifuata njia ya biashara ya shaba ya baba yake mpaka Katanga, akasimamisha huko ufalme uliodumu mpaka alipouawa mwaka 1891. Misafara ya zama zile ilimfunza kijana njia, lugha, hesabu na ushujaa. Ilimfunza pia kuwa binadamu ana bei, na ufalme ule ulifanya biashara ya pembe na ya watu. Mtoto aliye karibu na mkubwa hachaguliwi sehemu ya kupokea. Hupokea yote. Mzazi aendaye kambini apaswa kujua kwamba hatazamwi anapofunza kufunga kamba tu. Hutazamwa pia anapogawa chakula, anaposhindwa mchezo, na anapomjibu maskini.

Mwaka ule ule wa 1891 wamisionari waitwao White Fathers walifungua misheni Ushirombo, na miongoni mwa waliolelewa hapo walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, wasio na baba wala mama wa kuwadai. Historia hii huleta onyo la mwisho. Chama cha wazazi na watoto chaweza kuwa karamu ya wenye wazazi, na yatima akakaa nje ya boma akitazama moto wa wengine. Kikiwa hivyo, kitakuwa kimeongeza huzuni duniani. Lugha ya Kiswahili yenyewe yaonyesha njia: ina baba mkubwa na baba mdogo, mama mkubwa na mama mdogo, shangazi na mjomba. Deni la wakati halifi kwa kufa mzazi. Hurithiwa pamoja na jina. Ajaye kambini amshike mkono wa pili mtoto wa jirani ambaye baba yake yuko shimoni au kaburini.

Taifa limeanza kuliona jambo hili. Programu ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, iliyaweka malezi yenye mwitikio katika safu moja na afya, lishe, ulinzi na ujifunzaji. Maana yake ni kwamba kumsikiliza mtoto na kumjibu kumekubaliwa kuwa hitaji, wala si pambo. Lakini serikali yaweza kuandika wajibu. Haiwezi kuketi penye moto kwa niaba ya mtu.

Basi mzazi na ajiunge, mradi saa ile iwe ya mtoto, mwenendo wake uwe wa kuigwa, na mlango usifungwe kwa yatima. Akiwa maskini asiyeweza kutoa siku nzima, atoe jioni moja. Deni hili hupokea hata senti. Hapana baraza ambalo mtoto ataliendea kulishtaki. Hulidai kwa kunyamaza, na wazazi wengi hutambua kuwa walidaiwa siku ambayo mdai amekwisha kukua, amefunga mzigo wake, na amekwenda kutafuta dhahabu yake mwenyewe.