Samaki Mwenye Mimba na Ilimu ya Ghaibu

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), ndugu yetu mmoja aliyehamia Kianjai, huko Meru katika njia iendayo Maua, ametuletea suali. Ana tangi la kioo barazani mwake, na ndani yake azalisha samaki wadogo waitwao gapi, awatie katika mapipa ya maji ya mvua wapate kula viluwiluwi vya mbu. Samaki hawa hawatagi mayai. Huzaa watoto walio hai, nao huogelea saa ile ile. Kwa kuzoea kutazama, akawa humwambia jirani, "Huyu atazaa kesho au keshokutwa." Jirani, naye ni Mwislamu, akamkemea kwamba ajitia katika ghaibu, kwani yaliyomo matumboni ayajua Mungu peke yake. Ndugu yetu akaogopa, akaacha kutazama. Tangu hapo kila uzao huliwa, maana gapi hula watoto wao wenyewe. Auliza afanyeje.

Aya aliyoikusudia jirani ni ya 34, ya mwisho katika Sura Luqman, nasi twaiamini. Lakini kujua alama ya jambo si kujua ghaibu. Mkunga akimgusa mama tumbo akasema uchungu u karibu, nani aliyepata kumwita mshirikina? Leo mashine za hospitali zaonyesha mtoto angali tumboni, na aya haikutikisika. Mwenyezi Mungu ajua pasina alama wala chombo, kabla mimba haijatungwa, na ajua kila kitakachomfika kiumbe huyo. Sisi twakisia kwa tuyaonayo, na mara nyingi twakosea.

Basi na atazame. Jike la gapi huchukua mimba kiasi cha siku 21 hadi 30. Maji yakiwa baridi hukawia, na usiku wa Meru si kama wa Mombasa. Nyuma ya tumbo, karibu na tundu la haja, ana doa. Mimba ikikua doa hupanuka na kuzidi weusi. Siku zikitimia, tumbo likitazamwa kwa ubavu huacha mviringo wake likawa kama lenye pembe. Naye hujitenga na wenziwe, na pengine hukataa chakula. Akifika hapo asimhamishe, kwani fadhaa yaweza kumharibia uzazi. Atie majani ya maji kwa wingi, watoto wapate maficho, kisha amtoe mama akisha kuzaa.

Ametuandikia pia kwamba jike aliyewekwa peke yake alizaa mara ya pili bila dume, na watu wakanong'ona habari za jini. Hakuna jini hapo! Jike huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, akazaa uzao baada ya uzao. Fedha ya mganga na anunulie chakula cha samaki.

Ila tuna neno na Bwana jirani. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Samaki wa tangini naye amefungiwa. Hana pa kukimbilia. Amfungiaye akakataa kumtazama kwa kisingizio cha ucha Mungu, atajibu nini? Wazee wetu wa Lamu hawakuwa hivyo. Walifuga samaki katika mabirika ya nyumba zao kwa ajili ya mbu hawa hawa, na chini ya birika walijengea bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wasikose pa kukaa.

Na wakizidi, awagawie wenye mapipa, asiwamwage mtoni. Asili ya gapi ni kaskazini ya Amerika ya Kusini na kisiwa cha Trinidad, na mgeni huyu akiingia mtoni huwabana samaki wa nchi.

Wallahu aalam.