Mvua ya Mawe na Sikukuu

Ndugu zetu wa pwani waendao bara kwa biashara hufika hata Sigor, huko Bomet, upande wa mashamba ya chai ya Kericho. Nchi za chai zile ni katika nchi zinyeshewazo mno mvua ya mawe duniani, kwani mvuke wa Ziwa Viktoria hupanda milimani alasiri ukaganda. Na Idi ya Mfunguo Mosi ya 1445, Aprili 2024, iliangukia masika. Basi twauliza: mawe yakipukutisha chai ya jirani asiye Mwislamu usiku wa kuamkia Idi, tuseme ameadhibiwa?

Hasha! Mawe hayo hayo hupiga bati za msikiti. Suratun Nur yatufunza kuwa humfika amtakaye Mola. Sisi hatukupewa daftari la sababu. Ibn Abbas, Ijumaa moja ya mvua na matope, alimwamuru mwadhini awanadie watu wasali majumbani. Dini imsameheayo mtu matope, yawaje wafuasi wake wamhesabie jirani dhambi kwa mawe? (Wako wenzetu hodari wa hisabu hiyo, ila paa lao liezuliwapo huliita jambo hilo mtihani.) Sahani ya Idi na itangulie kwa yule ambaye majani yake yamelala chini, kabla ya kufika kwa tajiri wetu.