Tunazikumbuka Nyimbo, Mwimbaji Je?



Kijana mwenzangu, kabla hujaendelea, chukua Biblia usome Mwanzo sura ya 40 yote, halafu Luka 23:39-43. Ni dakika tano tu. Nakusubiri.

Haya. Leo nataka tuongee kuhusu muziki wa zamani. Usicheke. Ukikaa jioni pale Maili Moja, Kibaha, karibu na wauza kahawa, hutakosa kuwasikia wazee wakibishana: Msondo au Sikinde? Ubishi wenyewe si mchezo. Mmoja anasema hakuna kama NUTA Jazz ile ya mwanzo, mwingine anaapa kwamba muziki ulianza na Mlimani Park. Wanajua nani aliimba wapi, nani alihama lini, tarumbeta iliingia sehemu gani.

Kwa usiyejua: NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika, na bendi ikabadili jina: ikawa JUWATA, baadaye OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wa JUWATA walitoka wakaanzisha Mlimani Park Orchestra, ndiyo hiyo Sikinde. Hata majina hayo mawili, msondo na sikinde, ni ya ngoma za Wazaramo, watu wa hukuhuku kwetu Pwani.

Wakati ule wengi hawakuwa na albamu ya kushika mkononi. Bendi iliingia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ikarekodi, na watu nyumbani wakasubiri redio iwapigie. Mwenye redio kaseti alibonyeza kurekodi hapohapo. Ndiyo maana wazee hawa wakizikumbuka nyimbo za kwanza nyuso zao zinabadilika. Wanakumbuka redio ya baba, harusi ya dada, mshahara wa kwanza.

Sioni ubaya hapo. Mhubiri anatuonya (7:10) tusiulize kwa nini siku za kale zilikuwa bora kuliko hizi, lakini hakukataza kushukuru kwa yale mema tuliyopewa zamani. Swali langu ni jingine: tukizikumbuka nyimbo, mwimbaji tunamkumbuka?

Mchukue Mzee Muhidin Maalim Gurumo. Alizaliwa mwaka 1940 kijiji cha Masaki, Kisarawe. Si ile Masaki ya Dar yenye mahoteli, hii ni ya Kisarawe. Aliimba NUTA tangu mwanzo, akawa mmoja wa waanzilishi wa Mlimani Park mwaka 1978, akapita Orchestra Safari Sound, akarudi Msondo. Mwaka 2013, afya ikiwa imemchoka, alitangaza kustaafu baada ya zaidi ya miaka 50 ya kuimba. Na hapo watu wakasikia jambo lililowachoma: miaka yote hiyo, hakuwa hata na gari lake mwenyewe.

Fikiria. Nchi nzima ilicheza kwa sauti yake. Watu walioana na nyimbo zake zikipigwa. Na kila mtu alikuwa na kumbukumbu nzuri.

Aliyesimama akafanya kitu ni kijana. Diamond Platnumz, msanii wa Bongo Fleva, muziki ambao mashabiki wengi wa dansi huubeza, alimnunulia mzee gari mwaka huohuo. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu Diamond, mimi simtangazi mtakatifu. Nasema tu kwamba wengi walikumbuka kwa mdomo, yeye akakumbuka kwa mkono. Mzee Gurumo alifariki Aprili 13, 2014, akazikwa kwao Masaki.

Labda utaniuliza: mzee alikuwa Mwislamu, na muziki wenyewe ni wa dansi, sisi vijana Wakatoliki unatuhusu nini? Unatuhusu, kwa sababu shukrani haiulizi dini.

Sasa turudi kwenye Mwanzo 40. Yusufu yuko gerezani bila kosa. Anamtafsiria mnyweshaji wa mfalme ndoto yake, ndoto njema. Halafu anamwomba kitu kimoja tu: mambo yakikunyookea, unikumbuke, ukanitaje kwa Farao. Ona Yusufu anavyolitumia neno kukumbuka. Hataki mnyweshaji awe anamwaza huko ikulu huku akitabasamu. Anataka atoke gerezani! Kukumbuka, kwa Yusufu, ni kufanya kitu. Na sura inaisha kwa maneno mazito: mnyweshaji hakumkumbuka, alimsahau. Sura ya 41 inatuambia ilipita miaka miwili mizima. Na alipomkumbuka, ni kwa sababu Farao alikuwa na shida na mtu wa kutafsiri ndoto alihitajika.

Miaka miwili gerezani, kwa sababu mtu mmoja alikuwa na maisha mazuri akasahau.

Nenda sasa Kalvari. Mhalifu pale msalabani anaomba lilelile: Yesu, unikumbuke. Na Yesu, mwenye misumari mikononi, hamwambii kwamba atamweka moyoni. Anampa nafasi mbinguni, siku hiyohiyo. Mungu akikumbuka, mtu anatoka alipokuwa.

Ndiyo maana usiku ule wa Karamu ya Mwisho, Bwana alipowaagiza mitume wafanye vile kwa ukumbusho wake, hakuwaachia picha ya kuitazama. Katekisimu (namba 1363) inatufundisha kwamba ukumbusho huu si kuwaza tu mambo yaliyopita. Katika Misa, kile alichotutendea Kristo kinakuwepo kati yetu, hapa, leo. Anatupa Mwili wake. Basi anayetoka kwenye ukumbusho wa namna hiyo, naye aende akakumbuke namna hiyo.

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Nafahamu kigango kimoja, sitakitaja, chenye katekista mstaafu. Huyu mzee alizunguka kwa baiskeli miaka na miaka akifundisha watoto mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Karibu nusu ya wanakwaya wa leo walipita mikononi mwake. Siku ya sherehe ya kigango alitajwa jina, watu wakapiga vigelegele, wakasimulia alivyokuwa mkali, wakacheka sana. Raha tupu. Kisha binti mmoja wa VIWAWA akauliza swali dogo: "Samahani, hivi huyu babu anapelekewa Komunyo na nani?"

Kimya.

Mzee alikuwa hawezi tena kutembea, na ilikuwa imepita miezi hajapokea Ekaristi. Yeye, aliyewaandaa mamia kuipokea! Kila mtu alidhani mwenzake ameshamweleza Paroko. Binti yule hakutoa hotuba. Jioni ileile alimpigia simu Paroko, na wiki hiyohiyo Padre akafika kwa mzee. Nilimsikia mzee akimwambia yule binti: "Mjukuu wangu, nilijua Bwana hajanisahau. Nilikuwa sijui atamtuma nani."

Siku hizi mitandaoni tunapenda kusema mtu "apewe maua yake". Sawa, tumpe. Lakini maua hayaliwi, wala hayamfikishi mtu hospitali. Kama mzee yuko hai, mpe maua pamoja na nauli.

Na usiseme huna hela. Huhitaji gari la kutoa. Una miguu, una simu, una ndoo ya kuchotea maji. Anza kwenu: mpiga kinanda wa kwaya yenu anapataje nauli ya mazoezi? Aliyetunga ule wimbo mnaoupenda yuko wapi leo? Mama aliyefua vitambaa vya altare miaka yote, nani kamwona mwezi huu?

Zoezi la wiki: chagua mtu mmoja ambaye imani yako ina deni kwake. Usimwandikie posti. Nenda kwake kabla ya Jumapili, ukae, umsikilize, umuulize anahitaji nini. Kisha ufanye kimoja.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyemkumbuka mhalifu ukiwa msalabani, tunakuomba kwa ajili ya wote waliotuimbia, waliotufundisha na kutubeba, na sasa wamezeeka peke yao. Usituache tuwe kama mnyweshaji wa Farao. Utupe kumbukumbu yenye miguu na mikono. Amina.

Wiki njema, na umsalimie babu.