Nani Ameshika Kamba?

Leo yatupasa kujiuliza swali ambalo kwanza laonekana kuwa la mafundi tu, kumbe latuhusu sote: Je, mtu aweza kuitwa huru, ikiwa hawezi kukiacha chombo chake cha kazi?

Tuseme kijana wa Baraka ana kibanda karibu na soko. Huwaandikia watu barua na ripoti kwa kompyuta moja ya zamani, inayopata umeme wa jua. Kompyuta hiyo yaendeshwa na mfumo wa Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuupatia mfumo huo matengenezo yake ya kawaida ya bure. Na mfumo uliofuata, Windows 11, hukataa kompyuta nyingi za zamani.

Rafiki atamshauri: "Weka Linux. Haina bei, nayo huenda vizuri hata katika mashine ya zamani." Shauri hilo ni jema. Linus Torvalds wa Finland aliianza kazi hiyo mwaka 1991. Na mwaka 2004 ikatoka Linux iitwayo Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo maana yake ni utu.

Mbona basi kijana hahami? Wengine watasema ni mvivu. Sisi twasema: ngojeni kwanza. Mteja ashuka kutoka Fizi na barua iliyoandikwa kwa Word. Ikifunguliwa kwa programu nyingine, pengine mistari yahama na majedwali yavunjika. Mashine ya kuchapisha huenda yataka programu iliyotengenezwa kwa Windows tu. Hesabu za duka zimo katika programu isiyokubali Linux. Na fundi amjuaye amejifunza Windows peke yake. Kila jambo ni dogo, lakini yote yameshikana.

Wavuvi wa ndagala walijua hili zamani. Aliyeacha taa ya mafuta na kushika taa ya betri hakubadili taa tu: alibadili pia muuzaji wake, fundi wake na desturi yake ya kila jioni.

Hata wenye mali yaliwapata. Mji wa Munich, huko Ujerumani, ulihamishia Linux kompyuta za ofisi zake karibu 15,000, kazi iliyokwisha mwaka 2013. Mwaka 2017 baraza la mji likakata shauri la kurudi Windows. Kati ya malalamiko yaliyotajwa ni programu na nyaraka zisizopatana na za wengine.

Hapa ndipo lilipo jambo la dhamiri. Kijana wetu hafungwi na kampuni peke yake. Twamfunga sisi tunaompelekea kazi. Mkubwa asemaye, "Nileteeni ripoti kwa Word, la sivyo siipokei," amekaza fundo moja. Hakukusudia ubaya. Lakini mnyonge atafanya nini? Atanunua mashine asiyoiweza, au atabaki na mashine isiyo na ulinzi, au atachukua programu iliyonakiliwa bila ruhusa, mpaka azoee na asione tena kosa. Mtu atasema, "Kila mmoja achague apendavyo." Ndiyo, lakini chaguo la mwenye nguvu huwa sheria kwa asiye nazo.

Tufanyeje basi? Fundo lililofungwa na wengi hufunguliwa na wengi. Barua ya kusomwa tu ipelekwe kwa PDF, ifunguke popote. Ikiwa yataka kusahihishwa, tumwulize kwanza mwenzetu ana programu gani. Kijana naye aanze kutumia LibreOffice hapo hapo katika Windows. Akiizoea, siku ya kuhama kamba moja itakuwa imelegea. Na ofisi inayonunua programu ya hesabu iulize mapema: siku tukitaka kuondoka, tutatoka na hesabu zetu?

Mtu huru si yule asiyemtegemea mwingine. Mtu wa namna hiyo hayupo, si Baraka wala Munich. Mtu huru ni yule ambaye wale anaowategemea wamemwachia mlango wazi. Basi, kabla ya kuuliza nani ametufunga, tuitazame mikono yetu wenyewe: huenda kamba ya jirani tumeishika sisi.